Chombo na Nasaba Yake

Methali mbili za Kiswahili zimekaa miaka na miaka zikitazamana bila ya kupatana. Moja yasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yajibu: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ya kwanza haihitaji sherehe. Kila aliyewahi kununua kiatu kipya kikambana, na akakataa kukivua, anaijua maana yake. Ya pili hutajwa sana na hufahamika kidogo. Wengi huichukulia kuwa ni sifa ya ukongwe, kana kwamba wahenga walisema kila kilichozeeka ni bora kuliko kila kilichozaliwa jana. Wahenga hawakusema hivyo. Kamba inayotajwa ni ya makumbi ya nazi: makumbi yaliyofukiwa topeni pwani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa hata yakatoa usumba, na usumba ukasokotwa kwa viganja vya wanawake. Ukambaa husukwa kwa miyaa. Hupendeza machoni, lakini kwa nguvu hauwezi kushindana na usumba. Methali haipimi umri, inapima asili. Inamwambia msikilizaji kwamba kabla ya kuuliza kitu kina miaka mingapi, aulize kimetokana na nini na kimepitia wapi.

Swali hilo ndilo lililopotea katika mazungumzo ya leo juu ya vitu vikuukuu vya nje vinavyoingizwa ndani ya nyumba. Mazungumzo hayo yametekwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye kudharau. Kwao, anayeweka vitunguu vyake katika tenga la shambani, au panga lake ndani ya buti lililopasuka, ni maskini asiyejijua au mshamba asiyestaarabika. Kundi la pili ni la wenye kusifu. Hawa wamegundua jana kuwa kifaa kilichochoka kinaweza kuwa rafu, au sanduku, au pambo. Wakakipa jambo hilo jina la ubunifu, na kila wanachokiona hukipigia makofi. Makundi haya yanaonekana kuwa mahasimu, lakini upofu wao ni mmoja. Hakuna baina yao anayeuliza nasaba ya chombo. Na nyumba isiyouliza nasaba ya vyombo vyake, iko siku itakunywa sumu.

Ushahidi wa haya hauhitaji kutafutwa pwani peke yake. Huonekana wazi zaidi mtu akiiacha bahari kabisa, akapanda hadi mahali pasipo mnazi wala mkindu. Lupembe ni mahali hapo. Ni tarafa ya Wabena katika mkoa wa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Iko mashariki ya mji wa Njombe, kwenye ukingo wa nyanda za juu unaoteremkia bonde la Kilombero. Mvua ya huko ni nyingi, ukungu hukaa mabondeni hadi jua lipande, na baridi ya Juni na Julai huingia mifupani. Chai na mbao ndizo zilizoipa Lupembe jina. Na kote mkoani hulimwa mahindi na viazi mviringo. Lango la nyanda hizo ni Makambako, ambako barabara kuu iendayo Zambia huachana na ile iendayo Songea, na ambako reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake. Kwa lango hilo huingia mabuti ya mpira, maturubai, viroba vya mbolea na madumu ya dawa. Vitu hivyo vikishamaliza kazi ya shambani, havitupwi. Huingia ndani ya nyumba.

Na litazamwe kwanza tenga la mchuma chai. Mchuma hukata majani mawili na chipukizi lao, akayatupa nyuma ya bega lake ndani ya tenga lililosukwa kwa kuacha mianya. Mianya hiyo si uvivu wa fundi. Jani la chai likishachumwa bado linapumua na kutoa joto. Likishindiliwa mahali pasipo hewa huungua, likawa jekundu kabla ya kufika kiwandani, na thamani yake ikapotea. Kwa hivyo tenga lilisukwa ili lipumue. Siku mikanda yake inapochakaa na kitako kulegea, haliwezi tena kubeba mzigo mteremkoni, lakini kupumua halijasahau. Ndiyo maana nyumbani hupewa vitunguu, au mahindi yaliyo katika magunzi yake, au viazi vya kula, mradi viazi vifunikwe gunia visione mwanga. Kwani kiazi kilichoona mwanga hugeuka kijani, kikawa kichungu na chenye sumu. Anayefanya hivyo hakubahatisha. Amesoma kazi ya kwanza ya chombo, akakipa kazi ya pili inayofanana nayo.

Buti la mpira nalo hupasuka pale linapokunjika kila hatua, juu ya vidole na kwenye kifundo. Shingo yake ikabaki nzima. Shingo hiyo hukatwa vipande vikawa bawaba za mlango wa banda la kuku, kwani mpira uliofanywa kwa ajili ya kukunjwa hauoni taabu kukunjwa. Au buti zima hupigiliwa ukutani likawa ala ya panga na mundu, chuma kisilale kwenye sakafu ya udongo wenye unyevu wala kisifikiwe na mtoto. Turubai lililotoboka, lisiloaminika tena juu ya mzigo wa lori, hukunjwa mara mbili ili tundu la upande mmoja lisitiriwe na uzima wa upande wa pili, kisha hufunikwa kuni; na kuni kavu katika nchi ya ukungu ni mali. Haya yote hayana jina la kigeni, hayana mwalimu aliyelipwa, wala hayajapata cheti. Lakini ni elimu, na kama elimu zote, ina kanuni zake.

Mtu wa visiwani hana sababu ya kuyaona haya kuwa mageni. Susu iliyoning'inizwa juu ili paka na panya wasifikie chakula ilisukwa kwa kamba ya jamaa moja na ile iliyofunga vyombo vya baharini. Tanga lililochoka na upepo lilishushwa likawa kivuli cha barazani. Wavu uliokwisha kutatuliwa na matumbawe ukawa uzio wa vifaranga. Na tangu mwani uanze kulimwa Unguja kwa biashara mwaka 1989, kamba zake zilizokwisha muda baharini zimekuwa zikipanda nchi kavu kuwa za kuanikia nguo. Mbena wa mlimani na Mswahili wa pwani hawakukaa chuo kimoja, lakini wamefikia kanuni moja: chombo hupewa kazi mpya kwa kuangaliwa kazi ya zamani.

Wala kanuni hiyo haikusimama pale ilipoachwa na mababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia Tanzania, akaanzia maeneo ya Tabora. Mdudu huyu huyapenda mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, akayageuza unga ndani ya kihenge. Wakulima wakashauriwa kupukuchua mapema na kuhifadhi punje. Kihenge kikapungukiwa na kazi, gunia na pipa vikachukua nafasi yake, na nyumba nyingi za bara zikabidi zijifunze upya nini kinahifadhi na nini kinaharibu. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa leo kwa ajili ya nafaka imejengwa juu ya hoja moja nyepesi: hewa ikizuiwa isiingie, wadudu huitumia iliyomo hata ikaisha, nao hufa. Aliyewahi kuweka mbegu katika kibuyu akakiziba mdomo anaifahamu hoja hiyo bila ya kusomewa.

Lugha yenyewe ilifanya kazi hii kabla ya wanaofundisha mapambo ya nyumba kuzaliwa. Vyombo vya kuwekea vitu katika nyumba ya Mswahili ni kamusi ya safari za watu. Kasha na pipa ni maneno yaliyoachwa na Wareno. Sanduku ni la Waarabu. Gunia na debe yalitoka Bara Hindi. Turubai ni Kiingereza kilichovuliwa viatu mlangoni. Katika hayo yote, debe ndilo lenye kisa kitamu zaidi. Lilikuwa bati la mafuta ya taa, likiletwa na meli, mabati mawili ndani ya sanduku moja la mbao. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki, na hakuna aliyefikiri kulitupa. Likawa ndoo ya maji. Likawa kipimo cha nafaka. Likakunjuliwa likawa paa. Likakatwa likawa koroboi, yaani likarudi kwenye mafuta yale yale kwa mlango mwingine. Likapigwa likawa ngoma ya harusi. Kisha lugha ikalichukua nayo. Kupiga debe kukawa ni kumnadi mtu au bidhaa, mpigadebe akapata riziki yake kituo cha mabasi, na huko Kenya wananchi wakaambiwa waamue mambo yao debeni. Hata ile methali isemayo kuwa debe tupu haliachi kuvuma haiwezi kuwa kongwe kuliko biashara ya mafuta ya taa. Watu walinunua mwanga, wakapata na hekima juu yake.

Lakini msomaji atazame pia masharti yaliyofungamana na heshima hiyo. Debe liliaminiwa kuwa kipimo kwa sababu kila mtu alijua limetoka wapi na linachukua kiasi gani. Likibonyezwa kitako, halibaki kuwa debe, huwa ni wizi wenye umbo la debe. Gunia nalo ni hivyo hivyo. Sheria ya vipimo ya Tanzania imeweka kilo 100 kuwa ukomo wa uzito wa gunia la mazao ya shamba. Ilhali lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa cha ziada ili limeze kilo nyingi kwa bei ya gunia moja, mkulima wa viazi wa Njombe halihitaji kuelezwa. Si gunia lililokosea, wala si ukuukuu wake. Kosa ni kukikanusha chombo asili yake, kikaendelea kuitwa jina lake la halali huku kikifanya kazi ya haramu.

Wenye kudharau wana swali la kujibu. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la British Museum, London, lilinunua kazi ya msanii wa Benin, Romuald Hazoumè, iitwayo La Bouche du Roi. Ni vinyago 304 vilivyofanywa kwa madumu ya petroli, vikapangwa kwa mfano wa watumwa walivyolazwa ndani ya meli. Ni kazi kubwa, na inastahili pale ilipo. Hakuna aliyesimama mbele yake akasema kuwa Hazoumè ametumia madumu kwa sababu ya ufukara. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbao za jahazi lililovunjwa hugeuzwa meza na fremu za vioo, na kadiri rangi yake ilivyobabuka na misumari yake ilivyoacha kutu, ndivyo mgeni anavyolipa zaidi. Ubao wa jahazi lile lile ukiwa rafu ya masufuria katika nyumba ya Ng'ambo, jina lake ni uchakavu. Basi dharau hiyo haikuelekezwa kwa kitu. Imeelekezwa kwa mtu mwenye kitu. Dumu likiwa na mlinzi aliyevaa glavu huitwa sanaa. Likiwa na mama aliyejifunga kanga huitwa dhiki.

Wenye kusifu, hata hivyo, wana swali zito zaidi, na hawajaonyesha dalili ya kulisikia. Katika vitu vinavyotoka shambani kuingia nyumbani, huko Lupembe na kwengineko, kimojawapo ni dumu la kiuatilifu: dawa ya ukungu wa viazi, dawa ya wadudu, dawa ya magugu. Dumu hilo ni imara. Lina mfuniko unaobana, lina mpini mzuri, halivuji, na pengine lina umri wa wiki mbili tu. Kwa macho ni bora kuliko chombo chochote cha maji kilichomo ndani. Hapo ndipo methali ya kamba na ukambaa inapoacha kuwa pambo la mazungumzo ikawa jambo la roho. Kikuukuu ambacho nasaba yake ni safi ni bora kuliko kipya kilichobeba mauti.

Plastiki hufyonza sehemu ya dawa iliyokaa ndani yake. Kuosha hupunguza, hakuondoi. Kilichobaki hutoka polepole kuingia katika maji, au mafuta ya kula, au pombe ya kienyeji itakayotiwa humo. Ziko dawa za wadudu ambazo huzuia kimeng'enya kinachoituliza mishipa ya fahamu. Aliyezinywa mboni zake hufinyika zikawa kama tundu la sindano, mate na jasho humtiririka, misuli humtetemeka, na mwisho pumzi hushindwa. Hii ni sumu ile ile iliyokusudiwa kumuua mdudu kwa njia ile ile. Haikuandikiwa kumtambua mtoto.

Ubaya huzidi pale dawa inapomiminwa kidogo kidogo. Mwenye shamba dogo hana haja ya lita nzima, wala hana fedha yake. Hupimiwa kiasi katika chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo haina jina la dawa, haina fuvu, haina utepe wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, haina neno moja la onyo. Imefanywa kuwa na nasaba mbili zinazopingana: nje ni kinywaji, ndani ni kifo. Mtoto atakayeinyanyua hakukosa adabu wala akili. Amesoma kile alichofundishwa kusoma, na chombo kikamdanganya. Kwa watu wanaothamini maneno, hakuna kashfa kubwa kuliko hii: kitu kunyang'anywa jina lake, na kukosa jina huko kukaua.

Hata kiroba cha mbolea, ambacho si adui wa namna hiyo, kina la kusimulia. Chembechembe za mbolea zilizobaki katika nyuzi zake huvuta unyevu; unyevu katika mahindi huleta ukungu; na ukungu waweza kuleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi waliyoyala. Kiroba hicho kinafaa kubeba makaa, au kuzolea takataka, au kushonwa kikawa aproni ya mchuma chai inayokinga kiuno na umande. Kwa unga wa uji hakifai. Nyumba yenye busara hujua tofauti hiyo, na huijua kwa sababu yuko mtu, mara nyingi mama wa nyumba, anayekumbuka kila chombo kilikotoka. Dumu la mafuta ya taa halikai pamoja na la maji. Lililobeba dawa halivuki kizingiti. Kumbukumbu ya mama huyo ndiyo daftari la afya la nyumba, na hakuna anayepiga makofi kwa ajili yake, kwa kuwa haipigiki picha.

Kanuni za kimataifa juu ya usimamizi wa viuatilifu, zilizotolewa na FAO mwaka 1985 na kuandikwa upya mwaka 2013, haziachi shaka juu ya madumu hayo. Taratibu zilizojengwa juu yake ni za wazi: dumu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia yaende shambani pamoja na dawa, kisha dumu litobolewe ili lisitumike tena kwa lolote, na likabidhiwe. Wakulima huambiwa sana habari ya kusuuza na kutoboa. Neno la mwisho, likabidhiwe, ndilo linalosemwa kwa sauti ndogo, kwa sababu ndilo lisilomhusu mkulima peke yake. Linamhusu aliyetengeneza, aliyeagiza na aliyeuza. Kama aliyepata faida kwa kuleta dumu halipokei likirudi, basi mkulima ameachiwa mambo matatu: alichome moto na kuvuta moshi wake, alifukie na kulitia maji ya kisima mashakani, au alipeleke jikoni. Kumwita mbunifu kwa kuchagua la tatu ni kumtukana mara mbili.

Na asisemwe mtu kuwa hilo haliwezekani. Brazili ilitunga sheria mwaka 2000 iliyowagawia wahusika wote mzigo huo: mkulima asuuze na kurejesha, muuzaji awe na pahala pa kupokelea, mtengenezaji agharimie kuyaondoa. Utaratibu wake ulianza kazi mwaka 2002, na leo zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za madumu ya plastiki yaliyogusana na dawa hurudi. Brazili ni nchi ya wakulima wakubwa na wadogo, yenye barabara mbovu na masafa marefu kuliko kutoka Lupembe hadi Makambako. Tanzania nayo ina sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020, iliyounda mamlaka ya kusimamia mimea na viuatilifu. Na nchi iliyoweza kuipiga marufuku mifuko ya plastiki, Zanzibar mwaka 2006 na Bara tarehe 1 Juni 2019, haiwezi kudai kuwa dumu la sumu limeishinda nguvu.

Yupo atakayepinga kwa kusema kuwa maskini hana la kuchagua. Ndoo mpya ina bei, na dumu la dawa ni la bure. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba mwenye kidogo hulazimika kutumia alichonacho. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, vyombo vyake vilivyo salama vinastahili kutetewa dhidi ya kebehi. Mama anayecheka tenga lake baada ya kuchekwa na jirani, akaliacha likaoza nje, ndiye atakayekitafuta chombo kingine, na cha karibu ndicho hicho chenye mfuniko unaobana. Wenye kudharau humfukuza kwenye kamba. Wenye kusifu humkaribisha kwenye ukambaa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na msala huu haupiti tu, unaua.

Na katika lugha pia kuna deni. Watafsiri wa ofisini wameleta neno urejelezaji, na halina ubaya likikaa mahali pake, yaani kiwandani, ambako plastiki husagwa na kuyeyushwa ikaanza maisha upya. Lakini limeanza kusambaa hadi kulifunika kila tendo la mkono: kutia kiraka, kushona, kuziba, kukunja, kufumua na kufuma tena. Maneno haya hayana maana moja. Anayetia kiraka hahitaji tanuri, na anayeyeyusha hahitaji kujua tundu lilikuwa wapi. Kuyatia yote katika gunia la neno moja ni lumbesa ya lugha. Neno la zamani lilikuwepo, nalo ni kusitiri. Kitu kikuukuu husitiriwa na nyumba, nacho kikaisitiri nyumba. Ndani ya neno hilo mna heshima, na mna sharti, kwani hakuna nyumba inayomsitiri mgeni bila ya kumuuliza atokako.

Mfano mwema haupo mbali. Mwaka 2018 ilishushwa majini huko Lamu dau iitwayo Flipflopi, iliyojengwa kwa plastiki iliyookotwa, na ubavu wake ukavikwa ndara zilizotupwa na bahari, zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 ilitweka tanga ikaja hadi Zanzibar. Mafundi wa Lamu waliiunda kwa mikono ile ile na vipimo vile vile vya mbao. Inayoifanya iwe hoja si rangi zake, ingawa ni nyingi. Ni kwamba haifichi nasaba yake. Kila anayeiona kwa mbali anajua ilikuwa nini kabla ya kuwa chombo. Kiswahili kilikuwa na akili pale kilipokataa kutenganisha jahazi na sahani: vyote ni vyombo, na vyote viwili mtu huvikabidhi uhai wake.

Washairi wanalijua jambo hili kuliko wengine, au wangepaswa kulijua. Utenzi wa mizani nane ni chombo kikongwe. Umebeba mawaidha ya Mwana Kupona kwa binti yake, ukabeba vita vya Maji Maji kwa mkono wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na mizigo mingi baina ya hiyo. Hakuna aliyesema uvunjwe kwa kuwa ulikwisha kutumika. Lakini pia hakuna mshairi wa kweli aliyeutia mzigo bila ya kuijua mizani yake na vina vyake. Basi wapenzi wa ushairi wanaolicheka tenga la Lupembe wanajicheka wenyewe, na wanaolisifu bila ya kulijua wanasoma vina na kuacha maana.

Yanayodaiwa hapa si makubwa. Mwenye kuuza sumu alipokee dumu lake likirudi tupu, kwa gharama yake. Dawa isiuzwe katika chupa ya soda, si kwa kificho wala kwa huruma ya bei. Onyo liandikwe kwa Kiswahili cha kusomeka, si kwa herufi za kuchokonoa macho. Shule za vijijini zifundishe watoto kuuliza chombo kimetoka wapi kabla ya kufundishwa kukipamba. Na wale wanaotaka kuandika juu ya ubunifu wa watu wa Lupembe, au wa Jambiani, au wa popote, waanze kwa kumuuliza mama wa nyumba ni vitu gani alivikataa mlangoni, na kwa nini. Orodha ya alivyovikataa ina elimu nyingi kuliko picha ya alivyovikubali.